Raba ikitoka na madoa, mistari ama povu: angalia skrubu kabla ya kuongeza moto

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa Kisumu alinipigia simu saa tano usiku, bado yuko kazini, nasikia mota ikilia nyuma yake. Anatoa shiti za soli kwa ekstruda, ile mashine ambayo skrubu yake inasukuma raba ndani ya bareli, bomba la chuma lenye moto. Ni SBS, raba inayoyeyuka kwa joto kama plastiki, na unga wa kalisiamu kaboneti asilimia 30 kwa uzito, na shiti inatoka na vidoa vyeupe kama mtu amemwaga chumvi juu. Akaniambia, "Mzee, nimepandisha moto kutoka 170 mpaka 195, spidi pia nimeongeza, lakini vidoa vinazidi tu." Nikamwambia rudisha moto chini, tena zile zoni mbili za mwisho za bareli, kila moja na hita yake, shusha mpaka 160. Akanyamaza kidogo alafu akaniuliza kama nimemsikia vizuri.

Nilimsikia vizuri sana. Mimi niko Nakuru, nimeshinda na hizi ekstruda za raba miaka mingi, na hilo swali nimeulizwa hapa, nimeulizwa Eldoret, nimeulizwa Kakamega, kila mtu anaamini fila, yaani ule unga tunaojazia raba, ikikataa kuchanganyika basi raba haijaiva. Ndio nikaamua niandike yote mahali pamoja, dalili na kile kinachoileta, ili ukikwama usiku ukiwa peke yako na mashine uwe na pa kuanzia. Nitaongea zaidi juu ya skrubu moja kwa sababu ndio wengi wetu tuko nayo, zile za skrubu mbili nitazigusa huko mwisho.

Kabla ya dalili yoyote elewa kitu kimoja, ukikikosa hiki utakuwa unapiga ramli. Skrubu inafanyia fila kazi mbili tofauti, kuna kuvunja na kuna kusambaza. Ukikoroga uji na unga uingie na mabonge, utakoroga mpaka mkono uchoke na yale mabonge yataogelea tu, mwiko unayasukuma yanaenda pembeni yanarudi. Lakini ugali ukishashika, bonge ukilibana kati ya mwiko na sufuria linapasuka, kwa sababu ule uzito wa ugali ndio unabeba nguvu ya mkono wako mpaka ndani ya bonge. Hiyo ni kuvunja. Kusambaza ni kama kugeuza githeri ndani ya sufuria, hakuna kitu unavunja, unataka tu kila sahani ipate mahindi na maharagwe, na hapo nguvu si muhimu, muhimu ni kugeuza mara nyingi.

Sasa kwa mashine, nguvu inayofika kwa bonge la fila ni mnato wa raba mara ile kasi raba inavyokatwa kati ya skrubu na bareli. Ukiongeza moto mnato unashuka, ugali unageuka uji, bonge linaogelea. Ukiongeza spidi unapata kasi ya kukata kweli lakini raba yenyewe inajipasha kwa msuguano, mnato unashuka tena, na bonge linapita ndani ya bareli kwa muda mfupi zaidi. Kijana wa Kisumu alikuwa amefanya yote mawili kwa usiku mmoja.

Chukua wembe kwanza

Usiguse paneli. Kata kipande cha raba iliyopoa kwa wembe mpya, kata nyembamba, kivute mbele ya tochi ya simu alafu uangalie na lenzi ya mara 10 kama unayo. Ukiona kidoa, kichomoe na sindano. Kikivunjika kuwa unga mkavu hiyo ni fila ambayo haijavunjwa. Kikivutika kama chingamu ni raba haijayeyuka, na hapo ndio moto unaweza kusaidia, hapo peke yake. Kikiwa kigumu kinaruka ruka na hakivunjiki, kimeungua ama kimejifunga chenyewe, na ukitaka kuhakikisha kwa SBS kiweke ndani ya toluini kwenye chupa ya kioo usiku mzima, mbali na moto na mahali kuna hewa: raba nzuri itayeyuka, fila itazama chini, ile iliyojifunga itavimba tu kama jeli na haitaisha.

Ukiona mistari kama mbao ya mvule lakini hakuna punje, shida ni kusambaza. Ukiona vishimo, ni hewa ama maji.

Nimeona watu wakibadilisha skrubu nzima kwa shida ambayo ilikuwa ni maji kwa gunia. Nimeona pia mtu akikausha gunia wiki nzima na skrubu yake haina hata sehemu moja ya kuvunja kitu.

Punje nyeupe zinazovunjika kuwa unga

Hii ndio simu ninayopigiwa zaidi kwa hivyo nitakaa hapa.

Skrubu ya kawaida, ile imenunuliwa pamoja na mashine ya plastiki, ina sehemu ya kupokea yenye mfereji wenye kina, inafuata sehemu ya kubana ambapo mfereji unazidi kuwa mfupi kina, na mwisho sehemu ya kupima na kusukuma kwa dai, lile tundu linaloipa raba umbo. Ni pampu. Ilichorwa kuyeyusha na kusukuma, na kuchanganya ni kitu kinatokea njiani tu. Raba iliyo katikati ya mfereji inazunguka polepole yenyewe kwa yenyewe na bonge likiwa hapo katikati linaweza kufika kwa dai bila kuwahi kubanwa hata mara moja.

Piga hesabu uone. Skrubu ya milimita 60 ikizunguka mara 60 kwa dakika, ukingo wake unasafiri karibu milimita 188 kwa sekunde. Mfereji ukiwa na kina cha milimita 4, kasi ya kukata ni 188 gawa kwa 4, yaani 47 kwa sekunde. Raba hiyo hiyo ukiilazimisha ipite kwa nafasi ya nusu milimita, ni 188 gawa kwa nusu, 376 kwa sekunde, mara nane. Raba inalegea kiasi ikikatwa haraka kwa hivyo nguvu yenyewe haiongezeki mara nane kamili, lakini unaona tofauti iko wapi. Na ile nafasi haisaidii kama ni kipande tu cha raba kinachopita hapo, lazima yote ipite, hakuna njia ya kukwepa.

Hiyo ndio kazi ya kile kichwa tunaita Maddock, Bruce Maddock wa Union Carbide kule Marekani ndiye alikitangaza miaka ya 1960 na jina likabaki. Ukikiangalia ni silinda yenye mifereji ya urefu, mfereji mmoja uko wazi upande wa kuingia na umefungwa mwisho, wa jirani umefungwa mwanzo na uko wazi upande wa kutokea, na kati yao kuna ukuta ulioshushwa kidogo chini ya bareli. Raba inaingia mfereji wa kwanza, inakuta mwisho umefungwa, haina budi ipande juu ya ule ukuta iangukie mfereji wa pili. Kila bonge linabanwa mara moja. Urefu wake ni kama mara mbili ya kipenyo cha skrubu, nafasi juu ya ukuta nusu milimita hadi milimita moja kwa skrubu ya size hii, na kinakaa baada ya raba kuyeyuka yote, sio kabla. Ukikiweka mapema raba ambayo haijayeyuka inaziba mifereji na ampea zinapanda mpaka fyuzi inakatika.

Tafadhali usisikize mtu atakayekwambia punguza hiyo nafasi mpaka robo milimita ndio ivunje sana. Itavunja, lakini itachemka pia, na SBS ikichemka inajifunga ndani yake na sasa una punje za aina mbili. Kijana wangu alikuwa ameanza kuziona, zile za kung'aa ambazo hazivunjiki, alipofika 195. Kwa SBS mimi siku zote nabaki kati ya 160 na 190, na napima raba yenyewe na sindano ya thamokapo, kipima joto, pale inapotoka, sio kuamini namba ya paneli, kwa sababu paneli inasoma chuma.

Lakini mara nyingi bonge halikuletwa na gunia, limetengenezwa na skrubu yako mwenyewe. Unga laini ukichanganywa na punje za raba kwa hopa, lile faneli la kulishia mashine, alafu uingie sehemu ya kubana kabla raba haijayeyuka, unabanwa kavu kati ya punje kama tembe za dawa, na hizo tembe ni ngumu kuvunja kuliko unga wa gunia. Ndio maana skrubu yenye kubana kwa haraka, ile ya 3 kwa 1 (nafasi ya mfereji mwanzoni ni mara tatu ya mwishoni) ndani ya mizunguko mifupi, inaleta punje nyingi kuliko yenye kubana polepole. Jaribio ni rahisi ingawa linachosha: simamisha skrubu ikiwa imejaa, poza bareli mpaka raba ishike bila kuwa ngumu kama jiwe, sukuma skrubu nje, alafu fungua raba kutoka kwa mfereji kama unavyofungua kamba na ukate kila mzunguko. Utaona kwa macho yako unga ulishikana wapi na raba iliyeyuka wapi. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nikiwa na shaka na tangu siku hiyo sijawahi kubishana na mtu kuhusu skrubu bila kuichomoa.

Na unga wenyewe uwe na koti. Kalisiamu kaboneti iliyopakwa asidi ya steariki inaachana punje kwa punje vizuri sana, ile haina koti inapenda kushikana na kunyonya unyevu. Chokaa ya shamba, hata ikichungwa kwa kitambaa, ni nyenzo nyingine kabisa, punje zake ni kubwa na mchanga umo ndani, usiweke kwa ekstruda.

Kaboni blaki, ule unga mweusi kama masizi, nitasema kwa ufupi kwa sababu inaniuma nikiona watu wakihangaika nayo. Ile ya daraja la N330 punje zake za msingi ziko karibu nanomita 30, N550 ni kubwa kidogo, na zinashikana vibaya sana. Usitegemee skrubu moja ikuvunjie kaboni ya unga. Nunua mastabachi, punje ambazo kaboni imeshachanganywa ndani, ama upitishe kwa Banbury, mashine ya kukandia raba, au kwa rola mbili kwanza, alafu ekstruda ifanye kazi ya kusambaza tu.

Mistari, marumaru, rangi haijakaa sawa

Hapa kila kitu kimevunjika lakini hakijagawanywa. Shida kubwa kwa raba ni kwamba ndani ya mfereji inatembea kwa tabaka, haina vurugu kama maji, tabaka linateleza juu ya tabaka na kila moja linabaki na fila yake. Dawa ni kukata yale matabaka na kuyageuza. Pini zilizopandwa kwa skrubu karibu na mwisho, kichwa cha nanasi chenye vijino vimepishana, ama thredi (ule uzi wa skrubu) zilizokatwa mapengo, vyote vinasaidia na havipandishi joto sana. Kwa raba ya salfa, ile inaenda kupikwa baadaye, kuna ekstruda za pini kwenye bareli yenyewe, pini zinaingia ndani ya mfereji kupitia mapengo ya thredi, Wajerumani ndio walizisukuma sokoni miaka ya 1970, na uzuri wake ni kwamba raba inagawanywa bila kuchemshwa, kwa sababu raba ya salfa ukiipeleka kama 120 inaanza kupikika ndani ya mashine.

Njia ya haraka ambayo haina gharama ni kuongeza shinikizo la nyuma kidogo, wavu mmoja zaidi kwa pakiti ya nyavu iliyo kabla ya dai, mesh 60 (matundu 60 kwa inchi) kwa mfano katikati ya mbili za 20 za kushikilia. Inasaidia mistari kidogo. Punje haiziondoi, zinaziba wavu tu na shinikizo linapanda, na mtu anafikiria ametatua kumbe amechuja fila aliyoilipia.

Sasa kuna mistari ambayo si ya skrubu kabisa na hapa ndio watu wengi wanapotea. Kata vipande kila dakika tano kwa saa moja na upime uzito wa kila kimoja hewani alafu ndani ya maji kikiwa kimening'inia kwa uzi, gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili. Kipande cha gramu 11.7 hewani na 1.7 majini kinakupa 1.17, na hiyo ndio SBS yenye kalisiamu kaboneti asilimia 30. Asilimia 20 itakupa 1.08 hivi na asilimia 40 itakupa 1.27. Namba zikicheza kutoka kipande hadi kipande, skrubu haina kosa, fila inaingia vibaya kwa hopa. Skrubu moja inaweza kurekebisha tofauti ya sekunde chache, haiwezi kurekebisha tofauti ya dakika tano, raba ya saa nne na robo haikutani na raba ya saa nne na nusu. Namba zikikaa sawa na mistari bado iko, hapo sasa ni skrubu.

Wenye tanuri la maabara wanaweza kuchoma sampuli kwa 550 na kupima majivu. Usivuke 600 kwa sababu kalisiamu kaboneti yenyewe ikipata moto zaidi inaanza kuachia gesi na utapata majivu pungufu uanze kumlaumu kijana wa hopa. Kaboni blaki nayo itaungua yote, hiyo njia haiifai.

Ampea zinacheza, shiti inanenepa na kukonda

Hii huanzia nyuma. Pima fila yako kwa gorogoro: jaza bila kushindilia, pima uzito, alafu fanya hivyo na punje za raba. Fila ikiwa nyepesi mara mbili kuliko raba, mfereji wa nyuma unajaa hewa na vumbi, skrubu inakula kidogo, inakohoa, inakula nyingi. Hopa pia inajenga daraja, unga unashikana kama pango juu na chini hakuna kitu. Kijiti cha kukoroga ndani ya hopa kimewatoa watu wengi shidani kuliko skrubu mpya.

Kuna kitu kingine, raba inasonga mbele kwa sababu inashika bareli na inateleza kwa skrubu. Ukiweka mafuta mengi ama steariki mingi kwa mchanganyiko inateleza pande zote na inazunguka tu na skrubu mahali pamoja. Hapo poza koo la hopa na maji, na mafuta yaingie kwa awamu, sio yote kwa mara moja. Kisumu saa nane mchana jua likiwaka juu ya mabati, koo lisilo na maji linafanya punje zishikane hapo hapo mlangoni.

Na mashine ya raba sio ya plastiki. Raba ya salfa haiyeyuki, haina haja ya kubanwa sana, skrubu zake zinabana 1.2 hadi 1.5 kwa 1 na ni fupi, urefu wa mara 12 hadi 20 ya kipenyo zikilishwa baridi. Ukiiweka kwa skrubu ya plastiki ya mara 25 yenye kubana 3 kwa 1 itaungua na itakunyonga mota. Nimeona imefanywa, gia boksi ililipia.

Povu na vishimo

Maji. Kwanza fikiria maji. Gunia la kilo 25 lenye unyevu wa asilimia 1 lina maji gramu 250, na hayo yakigeuka mvuke ni zaidi ya lita 400. Pima gramu 100 za fila, weka kwa oveni 105 saa mbili, pima tena. Msimu wa mvua ndefu nafanya hivi kila asubuhi na watu wa Kakamega mnaonyeshewa kila jioni nawaambia fanyeni hivyo mwaka mzima.

Wengi wanajaribu fila za hapa nyumbani na mimi nawaunga mkono kabisa, lakini mzijue. Daiatomaiti ya Kariandusi, hapo Gilgil, ni maganda ya mimea midogo ya ziwa la zamani, ina vitundu vingi mno, inanyonya maji na inanyonya hata mafuta uliyoweka kulainisha raba, kwa hivyo raba inatoka ngumu na bado ina povu. Kausha, ongeza mafuta, na ujue ni silika, inakula chuma. Majivu ya maganda ya mpunga ya Ahero pia ni silika kwa wingi, yakichomwa kwa moto mdogo ni mazuri, yakichomwa kwa moto mkali yanageuka kuwa fuwele, hayo yanakwangua skrubu na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Vaa maski ya vumbi, sio leso.

Kama fila imekauka na povu bado iko, ni hewa iliyobebwa na unga, na hapo unahitaji skrubu ya hatua mbili yenye tundu la kupumulia. Siri yake ni moja, hatua ya pili lazima iweze kusukuma zaidi ya ile ya kwanza inavyoleta, mfereji wake uwe na kina zaidi, ndio pale chini ya tundu skrubu ibaki haijajaa na hewa itoke. Raba ikianza kutoka kwa tundu kama sosej, usizibe tundu. Badilisha wavu uliojaa, ama punguza ulishaji. Ukiziba, hewa yote inarudi kwa bidhaa.

Harufu ya siki ukitumia EVA, ile plastiki laini kama raba, si maji hata kidogo, hiyo ni raba inaachia asidi kwa sababu ya joto kali. Shusha.

Joto linapanda lenyewe na punje za kahawia

Ukiona zoni imewekwa 170, hita zimezimika, na bado inasoma 190, huyo ni skrubu anapasha. Fila nyingi inaongeza mnato na msuguano. Punguza spidi kwanza. Ikirudi, angalia nafasi ya Maddock, na uangalie kona za kichwa cha kuchanganya ambapo raba inakaa bila kusonga, raba iliyolala hapo saa tatu ndio hutoka kama kijipande cha kahawia kila baada ya muda. Mwisho wa mifereji uwe wa mviringo, sio kona kali.

Ilikuwa nzuri, sasa inaharibika polepole

Hakuna mtu amebadilisha fomula, hakuna amegusa paneli, na kila mwezi kilo kwa saa zinashuka na punje zinaongezeka. Ni kulika. Skrubu mpya ya milimita 60 inaacha nafasi kama milimita 0.06 kila upande, sheria ya kidole ni elfu moja ya kipenyo. Ichomoe, isafishe kwa brashi ya shaba, pima kila mzunguko na maikromita na bareli na boa geji (kipimo cha ndani ya tundu), andika kwa daftari. Nafasi ikifika 0.2 raba inavuja kurudi nyuma juu ya thredi, inakaa zaidi, inachemka, inalegea, na tunarudi kwa ile hadithi ya uji. Mara nyingi inalika zaidi pale kwenye kubana kwa sababu unga mkavu unasuguliwa hapo. Ukuta wa Maddock nao unalika, na nafasi ya milimita 0.6 ikiwa 1.2 umebaki na nusu ya kasi ya kukata.

Skrubu nyingi zina ngozi ngumu ya naitraidi isiyofika hata nusu milimita, ikiisha chuma cha ndani kinaenda kama sabuni. Niliwahi kupeleka skrubu yangu ijazwe thredi na karakana moja, wakajaza na vijiti vya kawaida vya kuchomelea, wakachonga ikang'aa vizuri, baada ya wiki tatu nilikuwa naokota vipande vya chuma kwa wavu. Thredi zijazwe na aloi ngumu ya kobalti ama nikeli, alafu ziparuzwe kwa jiwe mpaka size. Uliza kabla hujalipa.

Wenye skrubu mbili

Kwenu karibu kila kitu ni swali la fila inaingia wapi. Ukiimwaga kwa hopa pamoja na raba inabanwa kavu na inakula bloki za kwanza za kukanda, vile vipande vya skrubu vyenye diski. Yeyusha raba kwanza, alafu leta fila na fida ya pembeni, kilishio cha ubavuni, na kabla ya hiyo fida acha tundu wazi la hewa kutoka, kwa sababu unga unaingia na hewa yake na isipopata njia inarudi nyuma na kuzuia unga. Ukizidi asilimia 40 au 50 igawe mara mbili. Diski pana za kukanda zinavunja, nyembamba zinasambaza, na kipande kimoja cha kurudisha nyuma baada yake kinahakikisha bloki zimejaa. Bila kujaa hazikandi kitu, zinapunga hewa. Ukiweka vipande vya kurudisha vitatu vinne ukidhani ni dawa, utaunguza.

Sasa yule kijana. Usiku ule alishusha zoni za mwisho mpaka 160, akarudisha spidi, ampea zikapanda kidogo bila kupita kikomo cha mota, na punje zikapungua kwa macho lakini hazikuisha. Jumamosi nilishuka Kisumu tukachomoa skrubu. Ilikuwa nyoofu kabisa, pampu tupu, haina kichwa chochote. Tulikata mizunguko miwili ya mwisho na tukachonga kipande kipya chenye Maddock, ukuta milimita 0.7 chini ya bareli, kikafungwa kwa uzi unaojikaza skrubu inapozunguka, maana uzi ukiwa wa upande mwingine kitajifungua ndani ya bareli na utavunja dai. Tulipoirudisha tulianza na raba tupu bila fila, mizunguko 20 kwa dakika, tukapanda polepole hadi 50.

Shiti imesafika. Amebaki na Jumatatu asubuhi tu, vishimo kwa nusu saa ya kwanza, na nikamuuliza gunia huwa linakaa wapi wikendi. Liko wazi kando ya hopa, mita chache kutoka dirisha linaloangalia ziwa. Nimemwambia alifunge Ijumaa na Jumatatu akaushe kilo kumi za kwanza kabla ya kuwasha, atanitumia picha.